Mama Ubao na zana ya mia nne na kumi na tatu

Saa nane kasoro robo mchana. Honi ya kubadilisha zamu haijalia bado, lakini mwanamke aliyevaa ovaroli ya buluu iliyofifia magotini ameshasimama mbele ya ubao wa kwanza. Anavua miwani, anaifuta kwa mkono wa ovaroli, anaivaa tena. Kisha anaanza kuhesabu kwa sauti, akigusa kila zana kwa ncha ya kidole.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne..."

Upande wa pili wa dirisha la stoo, ndege ya abiria imesimama ndani ya karakana, pua imeelekea mlangoni. Kwenye gurudumu lake la mbele inaning'inia kadi nyekundu yenye ukubwa wa daftari la shule. Mafundi wamejipanga ukutani na mabegi yao ya chakula mabegani. Mmoja anatazama saa, mwingine anapiga miayo. Hakuna anayethubutu kusema neno.

"Ukimkatisha anaanza upya," ananong'ona fundi mmoja mrefu, ambaye wenzake wanamwita hivyo hivyo, Mrefu. "Yalishanikuta. Nilimsalimia akiwa mia tatu na tisini. Wenzangu nusura wanile nyama."

Baada ya dakika kumi na moja mwanamke anafika mwisho wa ubao wa nane, kwenye plaizi ndogo yenye mpini uliofungwa utepe mweusi. Anaigusa, na kidole chake kinakaa hapo muda zaidi kidogo kuliko kilivyokaa kwingine.

"Mia nne na kumi na tatu."

Anatia sahihi kitabuni, anatoka nje, anaifungua ile kadi na kuitia mfukoni. Ndege ruksa kuondoka.

Hadi miezi mitano iliyopita, zana za stoo hii zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Hiyo moja iliyoongezeka ndiyo iliyolifanya gazeti hili limtafute.

Hapa kazini wanamwita Mama Ubao. Ana miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia ndani ya chumba hiki kimoja, chenye feni inayolalamika na harufu ya grisi isiyotoka hata ukifua mara ngapi. Si rubani wala si mhandisi. Kazi yake ni kugawa zana asubuhi na kuzipokea mchana. Ukisema hivyo mbele yake hakatai, anacheka tu, kwa sababu anajua hujaelewa.

Mbao zake nane zimepakwa rangi nyeupe, na juu yake kila zana imechorewa umbo lake kwa rangi nyeusi: spana, bisibisi, nyundo, tochi. Kila fundi ana vibati vitano vya shaba vyenye namba yake. Ukichukua spana, unatundika kibati chako pale ilipokuwa. Ukirudisha, unachukua kibati chako. Umbo likiwa tupu na halina kibati, maana yake kuna kitu kimepotea, na ndege yoyote iliyofanyiwa kazi siku hiyo haitoki.

"Ukisahau spana kwenye gari, itagongagonga, utasimama kando ya barabara, utafungua boneti," anaeleza, akionyesha dari kwa kidevu. "Kule juu kando ya barabara hakuna, baba."

Tabia ya kuhesabu hakuipata karakanani. Aliinywa nyumbani. Mama yake mzazi, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja na anaishi naye, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Kila jioni kabla ya kukunja kazi alihesabu sindano, na moja ikikosekana hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukanyaga sakafu mpaka ionekane. Majirani walimwona ana kichaa kidogo. Lakini katika miaka arobaini, hakuna mtoto wa mtu aliyechomwa na nguo iliyotoka mikononi mwake.

Hadi leo bibi huyo, macho yamefifia lakini ulimi haujambo, humpokea binti yake mlangoni kwa swali lile lile kabla hata ya salamu.

"Zimetimia?"

"Zimetimia, mama."

Hapo ndipo chai humiminwa.

Miaka mitatu iliyopita kampuni ilipata wenye mali wapya. Walikuja na viatu vinavyong'aa na bango kubwa lililotundikwa juu ya mlango wa karakana: DAKIKA NI FAIDA. Mwanzoni, anasema Mama Ubao, watu waliona ni sawa tu. Nani asiyependa kampuni yake ipate faida?

Kisha mambo yakaanza kupunguzwa moja moja, taratibu, kama mtu anayekuvua shuka usingizini. Watunza stoo wanne wakabaki wawili, mmoja kwa kila zamu. Ile nusu saa ambayo zamu mbili zilikuwa zinakutana, wanaotoka wakiwaeleza wanaoingia wamefika wapi, ikafutwa kwa sababu ni kulipa watu wawili kwa kazi ya mmoja. Darasa la mafunzo likageuzwa ofisi ya wauza tiketi kwa simu. Vipuri vikaacha kuagizwa mapema, kwa hiyo fundi akikosa kifaa anakwenda kumvua vipuri ndege mmoja mzee aliyeegeshwa pembeni. Ndege huyo mafundi wamempa jina la Mfadhili, kwa kuwa kila mtu anamwomba na yeye hajawahi kumnyima mtu.

Zana zikiharibika hazikununuliwa nyingine. Mafundi waliambiwa waje na zao kutoka nyumbani.

Na kwenye chumba cha kulia wakaweka runinga. Haikuonyesha mpira wala taarifa ya habari. Ilionyesha majina ya watu waliochelewesha ndege wiki hiyo, kwa maandishi mekundu, na dakika zao pembeni.

"Mtu mzima, baba wa watoto, anakula ugali wake anaangalia jina lake pale juu kama mwizi," anasema Mama Ubao, na hapa sauti yake inapanda. "Hiyo iliniuma. Hiyo iliniuma kuliko hata mshahara kukaa palepale miaka mitatu."

Yeye mwenyewe jina lake halikuwahi kutokea kwenye runinga hiyo, mpaka Jumanne moja ya mwezi wa tatu.

Siku hiyo ndege moja ilikuwa itoke saa tisa alasiri. Abiria mia moja thelathini na wanane walikuwa wameshapita ukaguzi, wamekaa na mizigo yao mapajani. Mama Ubao alihesabu kama kawaida yake, na alipofika ubao wa sita akasimama. Umbo la kioo cha ukaguzi lilikuwa tupu. Ni kioo kidogo cha duara chenye mpini mrefu, kama cha daktari wa meno, ambacho fundi hukiingiza nyuma ya injini kuona mahali ambapo jicho halifiki. Hakikuwapo, wala kibati hakikuwapo.

Akahesabu tena. Mia nne na kumi na moja. Akahesabu mara ya tatu.

Basi akaiacha kadi nyekundu mahali pake na kwenda kumwambia msimamizi wa zamu.

Meneja wa uendeshaji alifika mbio, tai imepinda. Ni kijana mpole, anayejua kutabasamu, na Mama Ubao anakiri kwamba siku zote amemheshimu. Alimwita pembeni.

"Mama yangu, kioo kimoja tu? Kioo cha kununua dukani?"

"Sitafuti bei yake, mwanangu. Natafuta kilipo."

"Hawa watu wakikosa ndege zao za kuunganisha, mimi nitawajibu nini?"

"Waambie wanasubiri wakiwa chini. Kusubiri chini si ugonjwa."

Ikafunguliwa injini ya kushoto. Ikafunguliwa ya kulia. Wakang'oa vifuniko vya tumboni, wakamwaga mifuko ya taka sakafuni, wakapiga magoti na tochi. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita. Abiria wakaanza kupiga kelele kwenye ukumbi wa kungojea, na mtoto mmoja alilia mpaka sauti ikamkauka. Kila kelele ilifika stoo kwa simu. Mama Ubao alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, akiirudia siku yake tangu asubuhi, saa kwa saa.

Ilikuwa karibu saa moja jioni alipokumbuka.

Saa nne asubuhi fundi mmoja alirudisha kile kioo kikiwa na ufa, akachukua kibati chake. Zana mbovu hutiwa kwenye bahasha na kufungiwa droo, na pale ilipokuwa hutundikwa kibati cha njano. Alikitia kwenye bahasha. Alifungua droo. Wakati huohuo simu ikalia kutoka ofisi kuu: hajajaza fomu ya maoni kuhusu namna ya kuongeza ufanisi, na inatakiwa sasa hivi. Akafunga droo, akajaza fomu. Kibati cha njano hakukitundika.

Alifungua droo. Bahasha ilikuwa palepale, inamtazama.

Hapa msomaji huenda anasubiri kusikia kwamba mafundi walipofungua zile injini walikuta hitilafu kubwa, na kwamba kosa la mama huyu liliokoa roho za watu. La. Hawakukuta kitu. Ndege ilikuwa nzima, na mtu aliyeisimamisha kwa saa nne alikuwa amekalia jibu.

Chumbani alikuwa peke yake. Angeweza kutoka na kile kioo, akakidondosha nyuma ya toroli la zana, akangoja mtu mwingine akione. Nani angejua? Alikuwa amebakiza miezi kumi na tisa astaafu, na mama mzee nyumbani, na kodi ya nyumba anailipa yeye.

"Niliwaza," anasema, wala hapepesi macho. "Nisikudanganye. Nilisimama na ile bahasha nikaliangalia lile toroli."

Alipiga moyo konde, akatoka nacho mkononi, akapita katikati ya karakana mbele ya watu thelathini wenye grisi mpaka viwikoni. Akakiinua juu.

"Kilikuwa kwangu. Kwenye droo yangu. Kosa ni langu, jamani, mnisamehe."

Mrefu, aliyekuwa amelala chali chini ya tumbo la ndege, anasema alipigwa na butwaa. "Tangu wale wenye mali waje, sikuwahi kusikia mtu anasema maneno hayo. Sisi sote tulikuwa tunajua kusema 'si mimi.' Mama kasema 'ni mimi,' tena bila kuulizwa."

Aliondoa kadi yeye mwenyewe. Ndege ikaondoka saa moja na dakika ishirini. Alipofika nyumbani, bibi alikuwa mlangoni na swali lake.

"Zimetimia?"

"Zimetimia, mama. Aliyepungua ni mimi." Akakaa kizingitini, akalia kama mtoto.

Bibi alimwacha alie. Kisha akamwambia, "Haya, nawa uso. Umechoma mtu?"

"Hapana, mama."

"Basi sindano imeonekana. Njoo unywe chai."

Kesho yake jina la Mama Ubao lilikuwa kwenye runinga, juu kabisa, kwa maandishi mekundu, na barua ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu ilikuwa mezani kwake. Mafundi walipita mbele ya dirisha lake macho chini. Mchana, wengine walipokwenda kula, Mrefu alikuja na kuegemea dirisha. Hakuwa na kibati mkononi.

"Mama, nina jambo."

"Sema, baba."

"Plaizi yangu. Ile ndogo ya nyumbani, yenye utepe mweusi. Sijaiona wiki mbili."

Mama Ubao aliweka kalamu chini. "Mara ya mwisho uliishika wapi?"

Mrefu alitaja ndege. Alikuwa amefanya kazi chini ya sakafu ya chumba cha marubani, zamu ilikuwa inaisha, hakukuwa na wa kumkabidhi kazi, na ndege ilikuwa inangojwa. Alipofika nyumbani na kufungua begi, plaizi haikuwapo. Alijiambia labda ameiacha kwa fundi mwenzake. Alijiambia hivyo kwa siku kumi na nne. Ana watoto watatu, na hakutaka jina lake liende kwenye ile runinga.

"Nilipokuona jana na kile kioo," anasimulia mwenyewe, "nikasema, huyu mama mzima kajivua nguo mbele ya watu kwa kosa lisilokuwa na madhara. Mimi langu linaruka."

Ilikuwa inaruka kweli. Siku ile mimi na wewe pengine tulikuwa tunaiona angani. Mama Ubao alinyanyua simu, na saa mbili baadaye, ilipotua, ndege hiyo ililetwa karakana na kutundikwa kadi nyekundu. Walifungua sakafu. Plaizi ilikuwa imelala upande, urefu wa kiganja kutoka kwenye nyaya zinazoongoza mkia. Kwa siku kumi na nne kila ndege hiyo ilipoinama na kuinuka, plaizi ilikuwa inasogea.

Watu walisimama wakiitazama. Fundi mmoja mzee alivua kofia. Lakini kilichomkata maini Mama Ubao ni kitu kingine.

"Siku Mrefu alipoipoteza, mimi nilihesabu. Nilipata mia nne na kumi na mbili. Nikatia sahihi, nikaondoa kadi kwa mkono huu." Anaunyoosha. "Hesabu yangu ilitimia, na ndege ilikuwa na plaizi tumboni. Kwa sababu zana za nyumbani hazikuwa kwenye ubao wangu. Walipoleta utaratibu ule nilinung'unika hapa na feni yangu. Sikwenda juu kusema. Hilo ndilo kosa langu kubwa, si la kioo."

Kikao kilifanyika Ijumaa, kwenye chumba chenye zulia. Walikuwa watu watano upande mmoja wa meza na yeye upande wa pili. Walimwekea karatasi iliyochapwa vizuri: yeye, kwa uzoefu wake, anapendekeza zana zihesabiwe mara moja kwa wiki badala ya kila zamu, ili kupunguza ucheleweshaji. Akitia sahihi, suala la kioo limekwisha.

"Na kalamu walinipa nzuri kweli," anasema. "Ya kupeleka harusini."

Hakuitumia. Alitoa mfukoni karatasi tatu alizoandika kwa mkono, usiku wa kuamkia siku hiyo, mama yake akimshikia taa. Ya kwanza ilieleza kosa lake la kioo, bila kumtaja aliyepiga simu. Ya pili ilieleza kimya chake kuhusu zana za nyumbani. Ya tatu ilikuwa na sentensi tatu: zana zote ziingie ubaoni, zamu zikutane, ile runinga izimwe. Akasoma zote kwa sauti ile ile anayohesabia.

Alipomaliza, mlango uligongwa. Alikuwa Mrefu, na nyuma yake mafundi kumi na saba wakiwa na zana zao za nyumbani zimefungwa kwenye matambara. Hawakuja kugoma, walisema. Walikuja kuuliza waziandikishe wapi.

Meneja wa uendeshaji, alipozungumza na gazeti hili, hakujificha. "Sisi si watu wabaya," alisema, akigeuzageuza kikombe chake. "Tulipima dakika kwa sababu dakika zinapimika. Ndege ambayo haikupata ajali huwezi kuichora kwenye chati." Akakiweka kikombe mezani. "Mimi mwenyewe ndiye niliyempigia ile simu ya fomu. Nilimwambia baadaye. Akaniambia alijua sauti yangu."

Runinga ya chumba cha kulia sasa inaonyesha mpira. Zamu zinakutana tena, kwa dakika ishirini. Zamani zilikuwa thelathini, lakini wakubwa nao hawakutaka kuonekana wameshindwa kabisa. Mtunza stoo wa tatu amerudishwa. Zile zana za nyumbani zimerudi nyumbani, na ya stoo ikiharibika kampuni inanunua nyingine. Vipuri bado vinachelewa, Mfadhili bado anavuliwa, na bango la faida bado liko juu ya mlango. Barua ya onyo ya Mama Ubao nayo iko kwenye faili lake. Hakuomba iondolewe.

"Nilikosea," anasema. "Ibaki. Atakayekuja aione, ajue kwamba hata aliyekosea alirudi kesho yake akahesabu."

Amebakiza miezi kumi na minne. Mipango yake si mikubwa. Anataka kununua cherehani mpya, kwa sababu ya mama yake imechoka, na kushona mapazia ya nyumba nzima. Lakini kabla ya hapo anataka jambo moja: kila ubao uhesabiwe na watu wawili, mmoja akisema namba na mwingine akigusa, ili siku mmoja wao akiitwa na simu, mwingine abaki palepale. Amekwisha kumchagua wa kumrithi, mama aliyekuwa mfagiaji wa ndege, ambaye katika miaka kumi na mmoja ya kufagia alirudisha kila kitu alichookota, hadi pini.

Mkaguzi wa mamlaka ya anga aliporudisha ile plaizi baada ya uchunguzi, Mrefu hakutaka kuipeleka nyumbani. Aliileta dirishani. Mama Ubao akachukua brashi na rangi nyeusi, akapanda kigoda, akaichorea umbo lake mwishoni mwa ubao wa nane. Ukitazama kwa makini utaona mstari umepinda kidogo.

Jioni hii anarudi nyumbani kwa miguu, na mfuko wa mkate mkononi. Bibi ameshasikia hatua zake. Ameshika mwimo wa mlango, uso umeelekea njiani ambako haoni vizuri.

"Zimetimia?"

"Zimetimia, mama. Na ile moja ipo."

Bibi anapisha njia, na chai inamiminwa.